Kaangushwa mara mbili, matokeo sare: kuielewa lugha ya ndondi

Desemba 1, 2018, mjini Los Angeles. Ni raundi ya 12 na Tyson Fury yuko chali sakafuni, mikono kaitanua, hatikisiki. Aliyemlaza ni Deontay Wilder, yule yule aliyekwisha kumwangusha raundi ya tisa. Mwamuzi anapiga goti kando yake, anaanza kuhesabu. Ghafla Fury anainuka, kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa usingizini, na pambano linaendelea mpaka kengele ya mwisho. Yakasomwa matokeo: sare.

Asiyefuatilia mchezo huu atauliza swali la haki kabisa. Mtu kaangushwa mara mbili, yeye hakumwangusha mwenzake hata mara moja, hiyo sare imetoka wapi? Jibu lipo, wala halina hila. Ila kulifikia inabidi kwanza tupite kwenye msamiati wa mchezo wenyewe, maana maneno yake mengi yanafanana na ya ugomvi wa kawaida lakini yana kazi nyingine. Nikiyaweka pamoja huwa naona kitu kimoja: maneno ya kupiga ni machache. Yaliyobaki karibu yote ni ya kuzuia, kupima na kusimamisha. Kamba, kengele, kona, uzito, hesabu, taulo.

Tuanze na jina. Ngumi, ndondi, masumbwi, makonde: Kiswahili hakina uhaba hapa, na magazeti huyabadilishabadilisha ili sentensi isichoshe. Mchezaji naye ni bondia, mwanandondi au mwanamasumbwi. Ila sikiliza vitenzi. Wawili waliokasirikiana barabarani tunasema wanapigana ngumi. Bondia tunasema anacheza ngumi. Kitenzi kimoja tu kimebadilika, na tayari lugha imeshatoa hukumu kwamba cha pili ni mchezo: kina mipaka, kina muda, na wote wawili wamekubali kuingia.

Na wanaingia wapi? Ulingoni. Ulingo wa asili ni lile jukwaa la miti analojenga mkulima shambani, apande juu kuamia ndege wasimalize mtama. Konde nalo, kabla hujalifikiria kama ngumi, ni shamba. Kwa hiyo mtangazaji anayepaza sauti kwamba makonde yanarindima ulingoni ametumia maneno mawili ya mkulima bila kujua. Waingereza wao huliita eneo hilo duara, ingawa ni mraba, kwa sababu zamani mabondia walipigana katikati ya umati uliosimama ukiwazunguka. Sheria za London za mwaka 1838 zikaweka mraba wa futi 24 kila upande wenye kamba, lakini jina la duara likabaki. Sisi tuliangalia jukwaa lililoinuliwa tukaliita ulingo, na nadhani tulikuwa wakweli zaidi.

Ulingo wa sasa huwa kati ya futi 16 na 24 kila upande ndani ya kamba. Ukubwa huo si jambo dogo kama unavyosikika. Bondia mwenye miguu myepesi anataka nafasi ya kuzunguka. Bondia wa kubana anataka ulingo mdogo ambamo hakuna pa kukimbilia. Kambi zimewahi kuvutana juu ya futi mbili. Kona ni nne: mbili za mabondia, kwa desturi nyekundu na buluu, na mbili zisizo za mtu yeyote. Hizo zisizo na mwenyewe zikumbuke, maana zimewahi kuamua pambano la ubingwa wa dunia.

Raundi ndilo neno ambalo wengi hudhani limekuwa hivyo hivyo siku zote. Katika sheria alizoandika Jack Broughton mwaka 1743, raundi haikuwa na dakika. Iliisha mtu alipoanguka. Aliyeanguka alipewa nusu dakika, kisha wasaidizi wake walipaswa kumrudisha kwenye alama iliyochorwa katikati. Akishindwa kufika, amepigwa. Ndiyo maana mwaka 1889 John L. Sullivan na Jake Kilrain, waliopigana bila glovu, walifika raundi ya 75. Hawakupigana raundi 75 za dakika tatu. Raundi nyingine ilikuwa sekunde chache tu, mtu anateleza, basi imeisha.

Sheria zilizobadilisha hayo zilichapishwa mwaka 1867 na hujulikana kwa jina la Queensberry. Mwandishi wake hasa ni John Graham Chambers. Mtukufu wa Queensberry alitoa jina lake tu, na historia ikamlipa yeye. Raundi zikawa za dakika tatu, mapumziko dakika moja, kumpiga mwenzako miereka kukapigwa marufuku, aliyeanguka akapewa sekunde 10 za kuinuka mwenyewe bila kusaidiwa, na mikono ikavaa glovu.

Hapa pana jambo linalowapotosha wengi. Glovu haikuja kuuokoa uso peke yake. Vidole na kiganja vina mifupa midogo midogo, fuvu ni gumu, na anayepiga kichwa kwa mkono mtupu kwa nguvu zake zote ana hatari ya kuvunjika yeye. Mabondia wa zamani walilazimika kuchagua pa kupiga. Glovu, pamoja na bendeji inayofungwa ndani yake, inaulinda mkono. Na mkono uliolindwa unaweza kupiga kichwa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mchezo ulipendeza machoni, michubuko ikapungua, lakini sina hakika kwamba ubongo ulipata nafuu. Kwa kawaida katika ngumi za kulipwa, uzito wa chini hadi welta (kilo 66.7) huvaa glovu za aunsi 8, kama gramu 227, na wanaozidi hapo huvaa za aunsi 10.

Ngumi zenyewe, kama nilivyosema, hazijai hata kiganja. Jebu ni ngumi fupi iliyonyooka ya mkono wa mbele: haiumizi sana, inapima umbali, inamsumbua mpinzani, inafungua njia. Makocha huanza nayo na wengi humaliza nayo. Ngumi ya mkono wa nyuma, inayosafiri moja kwa moja ikisukumwa na nyonga na mguu, ndiyo yenye mzigo. Huku ni ile inayokuja kwa pembeni kiwiko kikiwa kimepindwa (neno baya kuliandika, kwa sababu msomaji anaweza kudhani unamwelekeza mahali), na hatari yake ni kwamba anayepigwa mara nyingi haioni. Apakati hutoka chini ikipanda kati ya mikono ya mpinzani kutafuta kidevu. Hizo ndizo herufi, na kila bondia unayemsifu anaandika kwa hizo hizo.

Tofauti iko kwenye mpangilio na kwenye yale yasiyo ngumi. Danganya toto ya bega, mpinzani anakinga uso, wewe unateremka mbavuni. Kukwepa kwa kusogeza kichwa inchi mbili tu, ili ubaki karibu uweze kujibu mapigo. Kukumbatia, ambako watazamaji huzomea, ni namna ya bondia aliyelewa ngumi kununua sekunde za kurudisha akili. Bondia wa mkono wa kushoto husimama kinyume, mguu na mkono wa kulia mbele, na anawasumbua wengine kwa sababu moja rahisi: wamezoea kukutana na wenzao wa kulia, ilhali yeye naye amezoea kukutana na hao hao wa kulia.

Mfano mzuri wa mchezo usio wa kupiga ni Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Muhammad Ali aliegemea kamba, akafunika uso kwa glovu na mbavu kwa viwiko, akamwacha George Foreman apige. Kila aliyekuwa upande wa Ali aliona kichaa. Lakini ngumi nyingi zilikuwa zinaishia mikononi, kamba zinavuta na kurudi, na mtu mwenye nguvu kama Foreman alikuwa anachoka kwa kazi yake mwenyewe. Raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba, na Foreman akaenda chini.

Kati ya raundi na raundi kuna dakika moja, na ukitaka kuuelewa mchezo huu usiitumie kwenda kuchukua kinywaji. Angalia kona. Kiti kinawekwa kabla bondia hajafika. Mmoja anamtoa kinga ya meno na kuisuuza. Mwingine ana kipande cha chuma kilichotoka kwenye barafu, anakibana juu ya uvimbe wa jicho. Hakisuguliwi, kinabanwa, kwa sababu kukisugua kunautawanya uvimbe. Palipochanika panasafishwa, pamba yenye dawa ya kukausha damu inakandamizwa ndani ya kidonda, kisha mafuta mazito yanapakwa juu ili ngumi ijayo iteleze. Muda wote huo anayeongea ni mtu mmoja tu, kocha, na anaongea mambo mawili, hazidi. Zaidi ya hapo hayaingii. Inasikika ishara ya sekunde 10, kiti kinaondolewa, kengele.

Uzito una majina ambayo, ukiyatafsiri, unajikuta bustanini. Kuna uzito wa nzi, mwisho kilo 50.8. Kuna wa bantamu, kilo 53.5, jina la kuku wale wadogo wenye ugomvi. Kuna wa unyoya, kilo 57.2. Unapanda hadi welta, kilo 66.7, kisha wa kati, kilo 72.6, mpaka uzito wa juu, ambao kwa desturi ya ngumi za kulipwa huanzia juu ya kilo 90.7 na hauna dari. Madaraja ya kulipwa kwa jumla ni 17, na baadhi ya mashirika yameongeza la 18. Bondia hupimwa siku moja kabla ya pambano. Wengi hushuka kwenye daraja kwa kujinyima maji, wakipita mizani wanakunywa na kula, na kesho yake wanapanda ulingoni wakiwa wamezidi ule uzito uliosomwa jana. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya hatari isiyozungumzwa vya kutosha, maana hakuna kamera inayomfuata mtu akikauka.

Sasa hesabu. Kuanguka, kwa sheria, si lazima ulale. Sehemu yoyote ya mwili isiyo nyayo ikigusa sakafu kwa sababu ya ngumi, umeanguka. Hata kamba zikikushikilia usifike chini, mwamuzi anaweza kukuhesabia umeanguka. Ndivyo alivyohesabiwa Fury raundi ya tisa dhidi ya Oleksandr Usyk, Mei 2024. Ukianguka, mwenzako lazima aende kona isiyo ya mtu, na mwamuzi anahesabu. Hata ukiinuka kwenye mbili, kwa kawaida anafika nane kwanza akikutazama macho na magoti.

Hiyo kona isiyo ya mtu ilimponza Jack Dempsey. Chicago, Septemba 22, 1927, raundi ya saba, alimwangusha Gene Tunney kwa mfululizo wa ngumi, kisha akabaki amesimama karibu yake kama alivyozoea zamani, akingoja ainuke amalizie. Sheria ya kona ilikuwapo. Mwamuzi akakataa kuhesabu mpaka Dempsey asogee, na aliposogea, hesabu ikaanzia moja. Tunney alikaa chini kama sekunde 14, akainuka kwenye tisa ya mwamuzi, akashinda kwa pointi. Watu wanabishana hadi leo kama angeweza kuinuka mapema. Kwangu ubishi huo haugusi kiini: aliyepoteza zile sekunde ni Dempsey mwenyewe.

Ukifika 10 hujainuka, ni KO. TKO ndiyo inayochanganya. Hapo hesabu haikufika mwisho, bali mwamuzi ameona bondia hawezi tena kujilinda, au daktari amesema jeraha limezidi. Neno la msingi ni kujilinda. Si suala la kusimama, wala la kuongoza kwa pointi. Machi 17, 1990, Meldrick Taylor alikuwa mbele kwenye kadi za majaji wawili dhidi ya Julio César Chávez. Raundi ya 12, sekunde za mwisho, akaangushwa, akainuka. Mwamuzi Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa, akarudia, hakupata jibu, akasimamisha pambano. Zilikuwa zimebaki sekunde mbili. Walioona dhuluma ni wengi, na ninawaelewa. Lakini kazi ya mwamuzi ni kumtazama mtu, saa na kadi ni za wengine.

Faulo nazipitia upesi kwa sababu zinaeleweka: kupiga chini ya mkanda, kisogoni, kwa kichwa, kwa kiwiko, aliyekwisha anguka, au baada ya kengele. Mwamuzi huonya, hukata pointi, mwisho hufukuza. Andrew Golota mwaka 1996 alimkabili Riddick Bowe mara mbili, mara zote mbili akiwa anaongoza, na mara zote mbili akafukuzwa kwa kupiga chini ya mkanda. Sidhani kuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mchezo huu si wa kuumiza tu.

Tukirudi kwenye swali letu, kama hakuna aliyeshindwa kabla ya raundi kwisha, majaji watatu wanasoma kadi zao. Kila raundi inahesabiwa peke yake, kama mechi ndogo. Aliyeshinda raundi hupewa 10, aliyeshindwa 9. Aliyeshindwa na pia akaangushwa mara moja, kwa kawaida 8. Jaji anaangalia ngumi safi zilizofika, ushambuliaji wenye matunda (kumfuata mtu huku unakula ngumi si ushambuliaji), kutawala ulingo, na kujihami. Wakimaliza, kila jaji anajumlisha, na kila kadi ni kura moja.

Chukua kadi tatu za usiku ule. Jaji wa kwanza: Wilder 115, Fury 111. Wa pili: Fury 114, Wilder 112. Wa tatu: 113 kwa 113. Ichambue hiyo ya tatu. Kama Wilder angeshinda raundi tano na Fury saba, bila mtu kuanguka, Fury angekuwa na 115 na Wilder 113. Ila katika raundi mbili kati ya zile tano za Wilder, Fury alianguka, na kila kuanguka kulimnyima pointi moja zaidi. 115 ikawa 113. Kwa maneno mengine, jaji huyo alimpa Fury raundi saba kati ya 12, na wa pili alimpa nane. Kuanguka kuliadhibiwa, kila kumoja kwa pointi moja ya ziada, lakini hakukufuta dakika nyingine ambazo Wilder alikuwa akipiga hewa. Kura moja huku, moja kule, moja katikati: sare ya mgawanyiko.

Unaweza kusema jaji wa kwanza alikosea. Mimi pia nilimpa Fury. Lakini ubishi huo ni juu ya raundi za karibu, siyo juu ya kanuni. Mwaka 1987, Sugar Ray Leonard alipomshinda Marvin Hagler, jaji mmoja aliandika 115-113 kwa Hagler, mwingine 115-113 kwa Leonard, na wa tatu 118-110 kwa Leonard. Wote walikaa kando ya ulingo ule ule. Jaribu siku moja kuzima sauti ya mtangazaji, shika kalamu, andika 10 na 9 kila kengele ikilia kabla hujaangalia marudio. Utashangaa ni raundi ngapi unaandika ukiwa na wasiwasi.

Ngumi za ridhaa, zile za Olimpiki, zimehangaika zaidi na jambo hili. Mwaka 1988 mjini Seoul, Roy Jones alimtawala Park Si-hun kwenye fainali na majaji watatu kati ya watano wakampa Park. Aibu ile ilichangia kuletwa kwa mashine: majaji walibonyeza kitufe kila walipoona ngumi imefika. Mashine ikazaa ugonjwa wake, mabondia wakacheza kwa kudonoa na kukimbia, na kufikia Rio 2016 Olimpiki ilikuwa inatumia mfumo wa pointi 10. Pambano la ridhaa ni raundi tatu, hakuna muda wa kupoteza. Wanawake waliingia Olimpiki mwaka 2012 tu.

Mikanda ndiyo sehemu inayochosha. Bingwa wa dunia wa uzito mmoja anaweza kuwa na wenzake watatu, kwa sababu mashirika makubwa ni manne: WBA, WBC, IBF na WBO. Anayeikusanya yote huitwa bingwa asiyepingika, na uzito wa juu ulikaa bila mtu kama huyo tangu enzi za Lennox Lewis, aliyeikusanya mwaka 1999 ikiwa bado inahesabiwa mitatu bila WBO, hadi Usyk alipomshinda Fury mwaka 2024. Mashirika hayo hulipwa ada kwa kila pambano la ubingwa. Anayeshangaa mikanda kuzaana aanzie hapo.

Limebaki taulo. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 mpaka Novemba 1982, Duk Koo Kim alipopigwa na Ray Mancini raundi ya 14 na kufariki siku chache baadaye. WBC ikashusha hadi 12, wengine wakafuata. Kona ina haki ya kumtoa bondia wake wakati wowote, akitaka asitake, na kurusha taulo ulingoni ndiyo ishara yake ya jadi. Manila, Oktoba 1, 1975, Joe Frazier alirudi kwenye kiti chake baada ya raundi 14 dhidi ya Ali, macho yamevimba kiasi kwamba hakuziona vizuri ngumi za kulia. Alitaka kuendelea. Kocha wake, Eddie Futch, alimshika bega asiinuke, akamwashiria mwamuzi kwamba imetosha. Upande wa pili Ali naye alikuwa hoi, na alipoambiwa ameshinda aliinuka, akanyoosha mkono, kisha akaanguka sakafuni.